Kifaa cha kupasha tumbaku, kwa macho na pua ya asiyevuta

Mimi sivuti. Anayevuta ni mume wangu, na kifaa ninachokieleza hapa ni chake: kile cha kupasha tumbaku moto bila kuiwasha. Nimeamua kukitolea maoni kwa sababu nikipitia wanachoandika watu mitandaoni naona sifa nyingi za kifaa hiki zinatuhusu sisi tusiovuta. Mke halalamiki tena. Watoto hawajui kama baba kavuta. Nguo hazinuki, gari halinuki, mikono hainuki. Tumefanywa mashahidi bila kuitwa, kwa hiyo nimekuja mwenyewe kusema nilichokiona na nilichokinusa.

Kwanza chombo chenyewe, maana wengi wanakichanganya na vepu. Vepu inachemsha majimaji yenye nikotini ndani ya kitangi. Hiki kinatumia tumbaku yenyewe: majani yamesagwa, yakachanganywa na gliserini, yakatandazwa kuwa karatasi, kisha karatasi ikakunjwakunjwa na kuviringishwa ndani ya kijiti kifupi kuliko sigara. Kijiti kinachomekwa kwenye kishikio cha betri. Unabonyeza, kishikio kinatetemeka, unasubiri kipate moto, kinatetemeka tena, ndipo unaanza kuvuta. IQOS ya Philip Morris International, ambayo ndiyo inayotajwa kuliko zote, hupasha tumbaku hadi nyuzi 350 hivi za Selsiasi, wakati ncha ya sigara inayowaka hupita nyuzi 600. Tumbaku isipofika kuungua hakuna majivu wala ule moshi mzito unaopanda kutoka kwenye ncha. Kinachotoka ni mvuke mwembamba wenye chembe ndogondogo na nikotini. Kijiti kimoja cha IQOS humpa mtu dakika 6 au kuvuta mara 14, kisha chombo kinajizima.

IQOS ilianza kuuzwa mwaka 2014, Nagoya kule Japani na Milan kule Italia. British American Tobacco wakaja na glo, Japan Tobacco wana Ploom, na KT&G ya Korea Kusini wana lil. Cha mume wangu ni cha jamii hiyohiyo, ila jina lake naliacha, kwa kuwa kuna mahali kimenikera na kifaa kimoja hakitoshi kuihukumu kampuni nzima.

Sasa harufu, ambayo ndiyo inayobishaniwa zaidi mitandaoni. Wanaovuta wanaapa kwamba hakuna harufu kabisa. Wanaokaa nao wanajibu kwamba ipo, na kila mmoja anaitaja kwa namna yake: bisi zilizoungulia, karatasi iliyobabuka, wengine wanataja vitu vibaya zaidi. Kwangu mimi ni bisi zilizoshika chini ya sufuria. Inakuja mara tu anapoanza, inajaa chumbani, na baada ya muda mfupi inaondoka. Haigandi kwenye mapazia. Haikai kwenye nywele zangu. Hilo nalisema kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nimeishi na sigara ya kawaida miaka mingi, najua maana ya kufua shuka mara mbili na bado ukilaza kichwa unakutana na moshi wa jana. Tofauti ni kubwa na atakayesema haipo hajawahi kufua.

Lakini "inaondoka haraka" na "haipo" ni mambo mawili. Siku moja tuko ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, akavuta kimoja. Akanigeukia: "Mama Salma, hujanusa kitu, eti?" Nikamwambia, "Nimenusa, baba Salma, na koo linaniwasha." Alishangaa kwelikweli. Hakuwa ananidanganya. Pua yake imezoea tumbaku tangu ujana wake, na kitu chepesi kiasi hicho haikishiki. Ndiyo maana nashauri kwamba ukisoma mtu kaandika "hakina harufu", utazame kwanza anayeandika anavuta au havuti.

Ukitaka kuijua harufu yenyewe bila kubahatisha, fungua kopo anamotupia vijiti vilivyokwisha. Cha mume wangu ni kikopo cha bati chenye kifuniko. Kijiti kilichotumika hakifupiki kama kishungi cha sigara. Kinabaki urefu uleule, ncha yake imekuwa kahawia, katikati pana mwanya mwembamba pale ubao wa moto ulipopita, na karatasi imelowa kidogo upande wa mdomo. Vikikaa humo siku nzima, ukifungua kifuniko unarudi nyuma. Hiyo ni tumbaku, haina jina lingine. Nimeona video nyingi nzuri za kifaa hiki, mkono uliopakwa rangi ya kucha, meza safi, kikombe cha kahawa pembeni. Sijaona hata moja inayoonyesha kopo la vijiti.

Usafishaji nao haupigwi picha. Cha kwetu ni kile cha ubao, yaani kipande chembamba kinachosimama katikati ya tundu na kupashia tumbaku kwa ndani. Mabaki yanagandia pale, meusi, yenye mafuta, na yasipotolewa kwa vijiti vya pamba vyenye spiriti, ladha inaharibika na harufu ya kuungulia inazidi. Mume wangu ni msafi, ila hata yeye huahirisha. Halafu kuna utaratibu wa kutoa kijiti: unavuta kofia ya kishikio kwanza, ndipo unachomoa. Ukichomoa kwa haraka, tumbaku inabaki imeshikilia ubao. Ubao wa kwanza ulivunjika kwa namna hiyo. Tulipowasiliana na huduma kwa wateja tuliambiwa dhamana haihusiki na uvunjikaji, na maelezo yakaishia hapo. Nikaja kukuta mitandaoni malalamiko ya ubao kuvunjika ni mengi sana, yamezama chini ya machapisho ya sifa.

Vifaa vya kizazi kipya vimeondoa ubao. IQOS ILUMA, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2021, inapasha kwa usumaku: ndani ya kijiti kumewekwa kipande cha chuma na chombo kinakipa moto bila kukigusa. Hakuna cha kuvunjika na hakuna cha kusugua. Kwa mwenye watoto wadogo, hata hivyo, hapo pana la kuangalia kwa makini, kwa sababu kile kipande cha chuma kinabaki ndani ya kijiti kilichotumika, na pakiti zenyewe zinaonya kwamba kina ncha kali na kikimezwa kinaweza kuumiza vibaya. Mtoto anayetambaa hajui tofauti ya kijiti na peremende. Kopo lenye kifuniko, juu ya kabati, na bila mjadala.

Tukija kwenye betri, hapa ndipo nilipo na mengi, maana ndipo nilipoelewa kifaa hiki kinafanya nini na kisichofanya. Kishikio cha aina yetu kinachajiwa ndani ya kasha kila baada ya kijiti kimoja. Huwezi kuunganisha vijiti viwili papo kwa papo. Mvutaji aliyezoea kuwasha sigara juu ya sigara anapokuwa na msongo wa mawazo hana subira hiyo. Kwa hiyo mume wangu alibaki na pakiti ya sigara "ya dharura". Ile pakiti ilikuwa kwenye droo ya gari. Betri ikiisha, droo. Akikutana na marafiki wanaovuta, droo. Akinywa kahawa ya asubuhi, kifaa. Akitoka kwenye kikao kigumu, droo. Ndani ya nyumba kulikuwa hakunuki, na mimi nikaamini ameacha sigara. Kumbe alikuwa ameacha kuvuta sigara mbele yangu.

Simlaumu. Ni hali ya wengi. Japani, ambako vifaa hivi vimeenea kuliko popote, tafiti za miaka ya mwanzo zilikuta watumiaji wengi wakiendelea na sigara za kawaida sambamba. Na hili ndilo jambo ambalo sifa za mitandaoni zinaliruka. Julai 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu IQOS kutangazwa kwamba inapunguza mwili kukutana na kemikali hatari. Watu walilishangilia hilo sana na mpaka leo linabandikwa kwenye machapisho kama cheti cha usalama. Ukisoma maneno yaliyoruhusiwa, yanamhusu mtu aliyehama sigara moja kwa moja na kubaki na kifaa peke yake. FDA hiyohiyo ilikataa kuruhusu dai la kwamba hatari ya magonjwa inapungua, na ikaeleza wazi kwamba kuruhusu huko hakumaanishi bidhaa ni salama. Mwenye pakiti kwenye droo hayumo kwenye sentensi ile.

Kuhusu kemikali zenyewe, nimesoma kadiri nilivyoweza na sioni haki kwa upande unaopiga kelele kwamba "ni sigara ileile tu". Taasisi ya serikali ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ilipima mvuke wa kifaa kimoja na kuchapisha matokeo mwaka 2018: aldehaidi, ambazo ni kundi la kemikali zenye madhara zinazopatikana kwenye moshi wa sigara, zilikuwa zimepungua kwa asilimia 80 hadi 95 ukilinganisha na sigara. Huko si kupungua kidogo. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Uswisi walikuwa wamechapisha vipimo vyao vilivyokuta nikotini ikiwa asilimia 84 ya ile ya sigara waliyolinganisha nayo, na akrolini, inayochoma njia ya hewa, asilimia 82. Kampuni ilipinga namna walivyopima. Ukiziweka pamoja unaona sumu nyingi zinashuka, nikotini inabaki karibu palepale, na hakuna aliyepata mvuke mtupu. Mwili wa mume wangu unaletewa kile unachokidai kila saa. Ndiyo maana hawezi kukisahau kifaa nyumbani kama anavyosahau miwani.

Kuna swali jingine ambalo mke wa mvutaji hulala nalo: je, kinamsaidia kuacha? Mapitio ya Januari 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti zilizokuwepo. Majaribio 11 yaliyopatikana yote yalikuwa yamegharamiwa na kampuni za tumbaku, na hakuna hata moja lililopima kama watu waliacha kuvuta sigara. Nilipolisoma hilo nilisikitika sana. Bidhaa iko sokoni tangu 2014, imejaa kwenye simu za watu kwa sifa ya kuwaokoa wavutaji, na jambo la msingi ambalo familia ingetaka kujua halikuwa limejaribiwa. Mapitio hayohayo yalieleza pia kwamba mauzo ya sigara Japani yalishuka kwa kasi zaidi baada ya vifaa hivi kuingia, na hilo ni la kutiliwa maanani, ingawa haliwezi kukuambia nani kaacha na nani kaongeza droo.

Sasa sauti za mitandaoni zenyewe. Nimezisoma kwa muda mrefu, mara nyingi usiku, na nimejifunza kuzitenganisha.

Wapo wanaouza. Hawa hujificha vizuri. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wa kwetu huivuta kwa picha nzuri: nguo za rangi moja na kifaa, maneno juu ya maisha mapya, neno tumbaku halionekani popote. Mwaka 2019 shirika la habari la Reuters liliiuliza Philip Morris juu ya watu maarufu wa mitandaoni waliokuwa wakiitangaza IQOS, akiwemo mwanamke wa miaka 21 nchini Urusi, wakati sheria ya kampuni yenyewe inakataza kutumia vijana walio chini ya miaka 25. Kampuni ikasimamisha kampeni hiyo ya watu maarufu duniani kote. Desemba mwaka huohuo Instagram na Facebook zilitangaza kwamba machapisho ya kulipiwa yanayotangaza tumbaku na vepu hayataruhusiwa. Ukitazama leo utaona picha hazijakoma, zimehamia kwa wauzaji wadogo wanaokwambia "njoo inboksi".

Na nguvu ya kuonyeshwa mtu unayempenda akitumia kitu si ya kudharauliwa. Japani, Aprili 2016, kipindi cha burudani cha televisheni kiliionyesha IQOS. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba kati ya waliokitazama kipindi kile asilimia 10.3 walikuwa wametumia IQOS, na kati ya wasiokitazama ni asilimia 2.7. Kipindi kimoja. Sasa fikiria binti yangu mwenye simu mkononi kutwa, asiyejua sigara inawashwa upande gani, akiletewa kifaa hiki kama kitu cha mapambo. Hili linanitia hofu kuliko kitu chochote ndani ya kopo lile. Kwa mvutaji wa miaka mingi kushuka kwa sumu kuna maana. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuta hakuna anachoshukia, anapanda tu.

Ndiyo maana niliunga mkono Umoja wa Ulaya ulipoondoa ladha. Tangu tarehe 23 Oktoba 2023 tumbaku ya kupashwa yenye ladha nyingine isiyo ya tumbaku, menthol (yaani mnanaa) ikiwamo, imepigwa marufuku katika nchi wanachama. Kwenye maoni watu waliandika kwa hasira kwamba wananyang'anywa njia yao ya kuacha sigara. Nawaelewa, mume wangu naye hutumia ya menthol na anasema bila hiyo angerudi kwenye sigara. Mimi nimembishia na naendelea kumbishia, kwa sababu mtu mzima aliyekwisha kuzoea tumbaku anaweza kuvumilia ladha ya tumbaku, na mtoto ndiye anayehitaji kudanganywa kwa mnanaa.

Wapo pia wavutaji wa kweli, ambao sitaki mtu awadharau. Utamkuta mzee anaeleza kikohozi chake cha asubuhi kimepungua, anapanda ngazi bila kusimama, na hajagusa sigara tangu apate kifaa. Watu humvamia: wewe umelipwa, wewe ni wakala. Si haki. Anaeleza mwili wake mwenyewe, na anayejisikia nafuu baada ya miaka ya moshi ana kila sababu ya kufurahi. Ninachomwomba ni kwamba asimwandikie kijana asiyevuta kuwa "hiki hakina madhara".

Na wapo wanaosema serikali zinapiga vita vifaa hivi kwa uchu wa kodi ya sigara. Nchi kama Singapore, Brazil na India zimevikataza kabisa, na huko huko kuna wanaoliona hilo kuwa kichekesho kwa kuwa sigara zenyewe zinauzwa. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini Shirika la Afya Duniani linavihesabu vifaa hivi kuwa bidhaa za tumbaku, na nchi wanachama wa mkataba wa kudhibiti tumbaku zilikubaliana hivyo walipokutana Geneva Oktoba 2018, kwa hiyo matangazo na mvuke wake vinatakiwa kubanwa kama vya sigara. Mimi natosheka na msimamo huo: kama ni tumbaku, kitendewe kama tumbaku, pamoja na suala la kuvuta ndani.

Kwetu sasa hakivutwi ndani. Tulizungumza, tukakubaliana, hata siku ya mvua. Alisema, "Lakini hakitoi moshi." Nikamwambia kinatoa nikotini na chembe, na kifua cha mtoto mwenye pumu hakijali kama mapazia yananukia vizuri. Pakiti ya kwenye droo aliitoa mwenyewe baada ya mazungumzo hayo.

Nikikipima kama chombo cha mkononi, nakipa nyota tatu kati ya tano. Kimetengenezwa vizuri, kinapunguza uvundo kuliko nilivyotarajia, kinaudhi kwenye betri na usafi, na wenye ubao wajiandae kuvunjikiwa. Kama njia ya kuacha tumbaku sikipi nyota yoyote, kwa sababu mume wangu hajaacha, na hakikuahidi hivyo mahali popote kwenye pakiti. Ahadi hiyo iliandikwa na watu kwenye maoni.

Kwa anayetaka kuacha, Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Dawa zilizopendekezwa ni vareniklini, bupropioni, sitisini na bidhaa za kufidia nikotini kama bandiko na ubani wa kutafuna, pamoja na ushauri wa mtaalamu. Kifaa cha kupasha tumbaku hakimo kwenye orodha hiyo. Mfamasia au daktari anaweza kukueleza ipi inakufaa na ipi haifai ukiwa na maradhi mengine.

Na wewe unayekaribia kuandika sifa za kifaa chako, tusaidie sisi tunaosoma kwa ajili ya waume, wake na wazazi wetu. Andika kama bado unavuta sigara au umeacha kabisa. Andika kama umelipwa au umepewa cha bure. Andika kuna nani mwingine chumbani unapovuta, na yeye anasemaje.